Sasisho Lililomkosesha Fundi wa Bondeni Usingizi

Jua halijapanda vizuri juu ya mabati ya Bondeni, mjini Nakuru, na tayari watu wamepanga foleni mbele ya meza ya Waithera Nderitu. Hakuna aliyeleta skrini iliyopasuka. Wote wamekuja na swali moja.

“Fundi, hii kitu inaniambia nikubali kila saa. Nikubali ama niwachane nayo?” anauliza Gathogo, mwendesha bodaboda, akimnyooshea simu yenye ujumbe wa sasisho jipya la usalama.

Waithera, 36, anaichukua, anaitazama, halafu anaigeuza na kupapasa mgongo wake. Zamani angejibu kabla hata ya kuishika.

“Uko na chaji?”

“Kidogo.”

“Basi usiguse. Na picha zako umeziweka wapi kwingine?”

“Kwingine wapi tena? Si ziko tu kwa simu?”

Waithera anatikisa kichwa. Jibu hilo amelisikia mara nyingi tangu sasisho lilipoanza kuingia kwenye simu za watu wa mji huu.

Maneno ni mengi. Kuna wanaosema sasisho linakula chaji. Wengine wanaapa kwamba limeletwa ili serikali iwasikilize wakiongea. Mzee mmoja aliyekuja kununua kava anasema ni njama ya kuharibu simu za zamani ili watu wanunue mpya. Mwanamke aliye nyuma yake amekasirika kwa sababu nyingine: programu ya benki yake imekataa kufunguka mpaka akubali.

“Wote wananiangalia mimi kama niliitengeneza hiyo apdeti,” asema Waithera.

Kabla ya kushika bisibisi, Waithera alikuwa akikata maua katika shamba moja Naivasha. Mkataba ulipoisha, alirudi Nakuru na kujifunza ufundi katika duka la jamaa yake, kisha akajitafutia meza yake hapa. Anamlea mwanawe Travis peke yake, na kazi hii ndiyo inayomlisha na kumsomesha.

Msimamo wake kuhusu masasisho aliupata mwaka jana. Mteja wake mmoja wa mtaa wa Kaptembwo alidukuliwa na wezi kupitia simu isiyokuwa imesasishwa kwa muda mrefu. Wakawaandikia jamaa zake wote kwamba mama yake amefariki, wachange. Watu wakachanga. Mama mwenyewe alikuwa jikoni akipika.

“Kutoka siku hiyo nikawa naambia kila mtu, ukiona imekuja, kubali. Sikuwa naongeza neno lingine.”

Mmoja wa walioambiwa hivyo ni Cheptanui, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi ambaye huja mjini siku za soko.

Binti yake, Linah, aliondoka nyumbani kwenda nchi ya Ghuba kufanya kazi za nyumba. Mwanzoni alikuwa akipiga simu akicheka. Baadaye akawa anapiga akinong’ona. Mwajiri alikuwa amemnyang’anya paspoti, na ajenti aliyempeleka hakushika simu tena.

Kila kitu kilichoonyesha Linah yuko wapi kilikuwa ndani ya simu ya mama yake: picha ya paspoti, picha ya mkataba, na ramani ya mtaa alikofungiwa. Halafu ukaja ujumbe wa sauti: “Mama, Ijumaa hawa watu wanaenda sherehe. Nitatoka. Usizime simu.”

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, simu ya Cheptanui ilimwomba akubali sasisho. Akakumbuka maneno ya Waithera, akabonyeza. Simu ikazima, ikawaka, nembo ikatokea kwenye skrini. Ikabaki hapo. Fundi wa kituo cha biashara cha karibu aliishika siku nzima, akairudisha vile vile.

Ijumaa asubuhi Cheptanui alifika Bondeni na gari la kwanza, shuka la baridi ya milimani bado likiwa mabegani. Aliiweka simu mezani kwa mikono miwili.

“Mama Travis, wewe ndio uliniambia nikubali,” alisema. Hakupaza sauti. “Mtoto wangu anatoka leo.”

Waithera aliichukua, akabonyeza kitufe cha kuiwasha. “Angenitukana ingekuwa afadhali. Lakini alikuwa ananiangalia tu, akingoja niseme iko sawa.”

Jeff, fundi wa meza ya jirani, aliinama akatazama. “Mathe, hiyo ni kuflashi tu, tunaifuta yote tunaiwekea mfumo upya. Haichukui muda, utaenda nayo ikiwa kama mpya.”

“Na vitu viko ndani?” Waithera akamuuliza.

“Hizo sahau.”

Cheptanui aliikumbatia simu kifuani kama mtu anayenyang’anywa mtoto.

Kwanza walihamisha laini kwenye simu nyingine, ili angalau Linah akipiga apate mtu. Lakini Linah hupiga kwa mtandao, na programu ikadai namba ya siri.

“Ni Linah aliweka hiyo namba kabla aende,” Cheptanui akasema. “Aliniambia ni ya kunilinda. Mimi sikuiuliza.”

Walijaribu mwaka aliozaliwa, wakajaribu mwaka aliomaliza shule. Programu ikawafungia.

Waithera akaifungua simu yenyewe. Aina hiyo, anaeleza, huuhifadhi mfumo wa zamani pembeni mpaka ule mpya ukubali kuwaka. Ukishindwa mara kadhaa, simu hurudi yenyewe kwa ule wa zamani. Lakini betri ya Cheptanui ilikuwa imevimba, na kila mara ilikata moto kabla simu haijafika popote. Kuna uwezekano, aliwaza, kwamba huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Kuna uwezekano pia kwamba alikuwa anajidanganya.

“Ningeharibu kitu kidogo tu, huyo msichana angepotea.”

Jeff, bila kuombwa, alipekua sanduku lake la simu zilizokufa akatoa betri iliyolingana. “Jaribu hii,” akasema.

Nembo ikawaka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Cheptanui alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiomba kwa Kikalenjin chini kwa chini. Mteja mmoja aliyechoka kungoja akasema kwa sauti ya kusikika, “Kumbe huyu ndiye anaharibia watu simu.” Akaondoka. Wengine wawili wakamfuata. Waithera hakuinua kichwa.

Baada ya saa sita mchana nembo ilizima na haikurudi. Skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao Waithera anasema hataki kuukumbuka. Kisha ikatokea picha ya shamba la viazi likiwa limechanua, na Cheptanui akapiga ukemi.

Meseji zikaanza kumiminika. Ya mwisho ilikuwa sauti: “Mama, nimetoka. Niko kwa nyumba ya wasichana wa Kenya. Mbona hushiki? Nitumie ile picha ya paspoti, bila hiyo watu wa ubalozi hawawezi kunisaidia. Mama, shika basi.”

Wakapiga. Iliita, ikaita, ikashikwa.

“Linah?”

“Mama,” sauti ikasema, “nilidhani umekufa.”

Jeff aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku. Waithera alilia waziwazi, mbele ya wateja.

Picha ya paspoti ilitumwa mchana ule ule. Waithera aliinakili kwenye simu yake, Jeff kwenye yake, na nakala ya karatasi ikachapishwa. Lakini Linah hajarudi. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa bado anangoja karatasi za kusafiria, akilala katika chumba kimoja na wasichana wengine, akimpigia mama yake kila jioni.

Simu ya Cheptanui nayo imeanza kuuliza tena: kubali, kubali.

“Siwezi,” asema Cheptanui kwa simu kutoka Kuresoi. “Hata waniambie nini. Huyu msichana akiwa huko nje, mimi kidole changu hakigusi hapo.”

Hilo ndilo linalomkosesha Waithera usingizi. Anajua simu isiyosasishwa ni mlango ulioachwa wazi, na ndani ya mlango huo kuna picha ya paspoti ya Linah. Anajua pia kwamba hawezi kumwahidi mama huyo lolote.

Siku hizi haguswi na haraka za wateja. Hunakili kwanza, hupima betri, ndipo hukubali. Wengine humwona mzito na kuhamia meza za jirani. Mwezi ujao anapanga kupanda Kuresoi, akae na kina mama wenye watoto ng’ambo, awasaidie kuweka nakala za picha na karatasi zao mahali pengine kabla hawajabonyeza chochote.

Kuhusu simu ya Cheptanui, ameacha kusukumana naye.

“Nataka Linah afike kwanza,” asema, akimrudishia Gathogo simu yake. “Siku hiyo nitaiweka hiyo apdeti na yeye akiwa amekaa hapa kando yangu. Ikikwama, ikwame. Mtoto atakuwa nyumbani.”