Baba Akae na Unga

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kwamba mtu anaweza kusoma hadi avae joho halafu aambiwe hana experience, niliamini kuwa unga wa mandazi unaona aibu. Ndivyo alivyotufundisha nyanya yetu, Magokoro, kama tunavyowaita nyanya huku kwetu Nyamira. Unga uliotiwa hamira, alisema, ni kama bibi harusi anayevalishwa: hautaki kutazamwa. Unafunikwa leso, unawekwa karibu na mafiga lakini si karibu sana, na unapewa mtu mmoja wa kukaa nao, tena awe mwanamke. Mwanamume akiutazama, haufuri. Na akithubutu kukaa nao, jiko litamwoa, hatatoka humo tena maisha yake yote.

Msinicheke. Kuna watu wazima wanaoamini kwamba CV yangu inasomwa. Kila mtu na imani yake.

Mlinzi wa unga nilikuwa mimi. Na hapa lazima nieleze jambo la lugha, maana kisa chote kinaning'inia hapo. Kwa Ekegusii, mama ni baba. Baba naye ni tata. Halafu mapenzi yakizidi, neno linashuka kwa watoto: mimi, kasichana kenye magoti ya majivu, Magokoro aliniita "baba", na mwanawe, yaani baba yangu mzazi, alimwita "tata". Mgeni akituingilia katikati ya mazungumzo anaweza kudhani tumerukwa na akili. Sisi wenyewe hatukuwahi kuchanganyikiwa.

Magokoro alijua pia Kiswahili, tena sana. Alikuwa ameuza ndizi soko la Nyakoe miaka mingi, kwa wateja wa kila kona ya nchi, na aliweza kukukatalia bei kwa lugha tatu bila kupandisha sauti. Shikeni hilo, nitalirudia.

Krismasi ninayoikumbuka iliangukia Jumamosi. Kwa familia ya Kisabato hiyo ni hesabu ngumu, maana Ijumaa jua likizama, moto wa kupika umelala. Mandazi yote ya wageni yalipaswa kuwa kwenye beseni kabla ya magharibi, la sivyo tungekaribisha ukoo mzima kwa chai kavu. Na ukoo wetu, Mungu awabariki, huja na meno yote.

Ndiyo Krismasi ambayo baba alikuja mapema. Alifanya kazi kiwandani Nairobi, na kila mwaka alifika mkesha na mikate, sukari na nguo zetu alizonunua kwa kukisia vipimo. Mwaka ule alifika Desemba ikiwa changa, na sanduku la chuma, na godoro lililofungwa kwa kamba. Mtu anayekuja Krismasi habebi godoro. Sote tuliliona. Hakuna aliyeuliza. Akachukua kiti cha plastiki, akakiweka chini ya mti wa avokado, akakaa anakitazama kilima cha majani chai kana kwamba kitamjibu kitu. Asubuhi anakaa, jioni anainuka. Mama akimpelekea chai, anakunywa, anarudisha kikombe bila neno. Na alikuwa mtu wa utani, baba yangu, mtu wa kumtania hata mchungaji. Sasa hata mbwa alikuwa amejifunza kupita mbali. Mimi sikuogopa kukosa nguo mpya. Niliogopa kwamba hatazungumza tena.

Ijumaa yenyewe Magokoro alikanda unga, akaufunika, akaniweka kwenye kigoda changu. Baadaye mama akanihitaji kisimani, nikatoka nikijua Magokoro yupo. Kumbe naye akakumbuka kwamba karai kubwa liko kwa jirani. Aliyebaki uani ni binamu yangu Stacy, mtoto wa Umoja, Nairobi, ambaye Ekegusii chake kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, "bwakire". Magokoro akamwambia kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake: "Ambia baba akae na unga. Asitoke mpaka nirudi."

Stacy hakuona ugumu wowote. Akaenda moja kwa moja chini ya mti wa avokado.

"Uncle, shosh amesema ukae na unga. Usitoke."

Anasimulia mwenyewe hadi leo kwamba baba aliuliza, "Mimi?" Stacy akamjibu kwamba shosh amesema baba, kwani hapa baba ni wangapi. Na baba akainuka.

Tuliporudi na mitungi, kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Mama alitua mtungi, akatazama barabarani, kisha akaingia chumbani haraka kuangalia kama godoro lipo. Lilikuwepo. Ndipo tukasikia mtu akikohoa moshi jikoni.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, magoti yamefika masikioni, viganja juu ya leso kama mtu anayeombea mgonjwa. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa hana shughuli na mafiga. Akitaka chakula anakohoa huko nje, kinamfuata. Mama akamsihi kwa sauti ndogo atoke kabla mama yake hajamkuta.

"Nimeambiwa nisitoke," akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu zaidi tangu aje.

Mimi nililia. Niliona Krismasi imekwisha: unga umeharibika, jua linashuka, na baba sasa ataolewa na jiko. Nikamwambia yote hayo kwa pumzi moja. Akanisikiliza vizuri sana. Halafu akafunua leso.

Unga ulikuwa umefura hadi umepanda ukingo wa beseni, umejaa kama shavu la mtoto. Baba akaubonyeza kwa kidole. Ukarudi juu. Akaubonyeza tena. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mama akageukia ukuta akijifanya anatafuta chumvi.

Magokoro akaingia na karai kichwani. Alimtazama mwanawe, akautazama unga, akamwita Stacy.

"Nilisema nani?"

"Ulisema baba."

"Ee. Nilisema baba." Akatua karai. "Haya basi tata, umeshaolewa. Kata, jua halikungoji."

Tulipika mbio kama watu waliosikia mvua mlimani na nguo ziko kambani. Mama alisukuma kwa chupa ya soda, mimi nikapuliza moto, Stacy akapanga, baba akakata. Alikata vibaya ajabu. Yalitoka mandazi yenye sura ya kaunti zinazogombania mpaka. Magokoro akampokonya kisu, akampa mwiko wa matundu, akamsimamisha kwenye karai. Na hapo, akiyatazama mafuta, si sisi, baba akasema: "Kazi iliisha. Walitufungia geti."

Mafuta yakaendelea kuchemka. Mama akaacha kusukuma.

"Tuliona godoro," Magokoro akasema. "Geuza hayo, yanaungua."

Akageuza. Na akaendelea kusimulia huku akigeuza, kidogo kidogo, habari za geti, na askari wa geti aliyejifanya hamjui, na wenzake waliolia, na yeye aliyeshindwa kulia. Mama akarudi kwenye chupa yake. Beseni la mwisho lilijaa jua likiwa limebakiza kichogo tu juu ya kilima. Kesho yake baada ya kanisa wageni walitafuna, wakauliza ni kipofu gani aliyekata mandazi haya, na baba akainua mkono kwa madaha, akaanza utani wake pale alipokuwa ameuacha.

Onyo la Magokoro likatimia neno kwa neno. Jiko lilimwoa baba na hawajaachana. Januari aliweka karai kando ya barabara ya Ekerenyo, na hadi leo watu wa bodaboda hawaanzi siku bila mandazi yake, ambayo bado hayana umbo linalojulikana na hisabati. Digrii yangu ilikaangwa kwenye karai lile, semista kwa semista. Ingekuwa heri ingetoka mandazi kweli, maana mandazi hayakuombi experience.

Nilipokua nikaanza kuuliza. Niliwauliza shangazi zangu, akina mama wa kanisani, hata mwenzangu wa chuoni aliyetoka Nyamarambe. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mwanamume akitazama unga haufuri. Nadhani Magokoro aliitunga imani hiyo ili tusichovye vidole. Lakini mwanamke aliyeuzia nchi nzima ndizi, hakujua "baba" ni nani kwa Kiswahili? Nilimbana siku moja. Sasa hana meno, ila ulimi ni ule ule.

"Nilisema baba," akaniambia. "Wewe si ndiye ulisoma?"

Desemba iliyopita zamu ya kiti ilikuwa yangu. Mti ule ule wa avokado, simu mkononi, nasoma *we regret to inform you* ya mtu ambaye hata jina langu alilikosea. Nilikuwa nimekwisha kuwatukana wakubwa wote wa nchi hii kwa kila lugha ninayoijua, nikaishiwa, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikowatisha watu wa nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi pia nilikuja na godoro.

Watu wetu ndivyo walivyo. Hawajui kukuuliza unaumwa wapi, basi wanakutafutia kigoda. Kwa miaka mingi niliona ni ujinga, nikawa nataka mazungumzo kama ya vitabuni. Siku ile nilisikia tu sauti nene ya baba yangu kutoka jikoni, imejaa moshi, ikiniita nije:

"Baba, inchwo. Kaa na unga."

Kazi bado sina, na hasira yangu ipo, nimeifunika leso, inafura vizuri tu. Lakini niliinuka. Simu niliiacha kwenye kiti. Nilipofika jikoni baba akanisogezea kigoda kwa mguu bila kunitazama, na mimi, kabla hata sijakaa, nikafunua unga nikaangalia.