Isale kwa Fundi wa Kompyuta

Hebu mfikirieni Mama Elisifa akishuka kwenye bodaboda hapa Moshi mjini, mlangoni kwa fundi Wenseslaus. Kompyuta ameibeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mwenye homa. Mkononi ameshika jani la isale. Na kwetu Wachaga, mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na huna ruhusa ya kumkatalia.

Kosa lake? Subirini kidogo, nakuja huko.

Mama huyu huchapa ratiba za mazishi na kadi za harusi kule Machame. Kompyuta yake ilikuwa nzito kuamka kuliko mlevi. Alfajiri anaiwasha, anaenda kukamua ng'ombe, anachemsha maziwa, anakunywa chai, anarudi ndiyo kwanza inamkaribisha. Akaipeleka kwa Wenseslaus.

"Mama, hii imezeeka, haiwezi tena kubeba Windows mpya," fundi akamwambia. "Nitakuwekea Linux, mfumo mwingine mwepesi. Usiogope, nimechagua ile inayofanana na uliyozoea. Menyu iko pale pale, kona ya chini kushoto. Hata picha ya ng'ombe wako pale kiooni nitairudisha."

Na kweli aliirudisha.

Kesho yake mama akaiwasha, akaenda kukamua. Aliporudi, kioo cheusi tii! Akaizima, akaiwasha upya, akaenda kukata majani. Kurudi, giza. Jumapili akasimama nje ya kanisa baada ya ibada, akatangaza bila kipaza sauti: "Wenseslaus amechomoa matumbo ya kompyuta yangu! Kaniachia ganda!" Machame nzima ikasikia. Watu wakaenda kwa fundi kuchukua kompyuta zao, hata ambazo hazijapona.

Juzi sasa, mvua. Mama amewasha kompyuta, anatafuta buti la kushoto aende zizini. Hajalipata, kompyuta imeshawaka, na ng'ombe wake yuko kiooni anamtazama! Mama akakaa chini na buti moja mguuni. Baada ya muda kioo kikazimika chenyewe. Akakigusa kitufe kwa kidole, kikaamka. Kumbe siku zote ilikuwa ikiwaka mapema, inamsubiri, inachoka, inalala.

Basi ndiyo hilo jani.

"Shikamoo mama," fundi akasema, uso umekunjamana.

"Marahaba baba. Pokea kwanza."

"Mama, umenimalizia wateja! Hata shemeji yangu kaja kuchukua printa yake."

"Ndiyo maana nimekuja na isale. Ingekuwa jambo dogo ningeleta ndizi."

Wenseslaus akashindwa kujizuia, akacheka, akalipokea. "Haya, nimekusamehe. Ila Jumapili utatangaza tena, pale pale, kwa sauti ile ile."

"Nitaongeza sauti." Lakini mama hakuondoka. "Mwanangu, kwa kuwa isale bado iko mkononi mwako... irudishie kompyuta uzito wake."

"Uzito?"

"Zamani Baba Elisifa, mume wangu, akiniona zizini alijua nasubiri kompyuta. Nilikaa na ng'ombe wangu, tunapiga soga, raha mustarehe. Tangu juzi, sijakaa vizuri kwenye kigoda, anapiga kelele: 'Mama Elisifa, imewaka! Njoo ufanye kazi!'"

Wenseslaus akalitazama jani, akaitazama kompyuta. Fundi gani anaiharibu kazi yake mwenyewe? Na Mchaga gani anamkatalia mwenye isale? Mngekuwa ninyi, mngemjibu nini?