Svenja, Msemaji wa Mavu

Kijiji chetu cha Eslinghof kinapenda wadudu sana, mradi wakae kwenye picha. Tulipopewa bango la "Kijiji Rafiki wa Nyuki" tulifyeka maua yote ya pembeni mwa barabara ili bango lisimame vizuri na wapita njia walione. Kila nyumba ina hoteli ya wadudu, kile kijumba cha mbao kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kimejazwa koni za misonobari ambazo hakuna mdudu mwenye akili timamu angezilalia. Chini yake mashine ya kukata majani inazunguka yenyewe kutwa nzima, kuhakikisha hakuna mgeni atakayefika hotelini akiwa hai.

Aliyetuambukiza mapenzi haya ni Svenja Rickert, binti wa Aloys fundi seremala. Tangu utotoni alikuwa hivyo hivyo. Siku ya komunyo yake ya kwanza alikuja kanisani na mbawakawa mwenye pembe kwenye mfuko wa gauni jeupe, na mbawakawa akatoka wakati wa mahubiri kwenda kumtembelea padri. Baadaye akasoma mjini mpaka akawa daktari, si wa watu bali wa nzi wa maua, wale wanaovaa mistari ya nyigu ili waogopwe bure. Ila hakubaki maabara. Kazi yake ni kuwasemea wadudu. Huenda shuleni na makopo yake, huenda kwa wazee wasioweza kumkimbia, na kila Alhamisi asubuhi yuko redioni, kati ya habari za foleni barabarani na muziki. Huanza kwa maneno yale yale: "Je, wajua?"

Hatukujua, lakini tulijuzwa. Ukimwendea kumpa pole kwa msiba, atakupokea vizuri, kisha atakuambia nani anaozesha mwili kwanza na nani anamfuata. Anaendesha gari polepole asije akawagonga vipepeo, na nyuma yake matrekta yanapiga honi. Akija kula kwenye baa yangu huning'iniza shuka jeupe uani, aliwashie taa, na kufikia wakati wa kulipa nondo wa wilaya nzima wamekusanyika na wateja wangu wamekwenda. Nampenda, nisisingiziwe. Nimemlisha tangu mama yake alipofariki. Lakini kuna siku nilitamani kumfunika na shuka lake.

Mimi ni Marlies, mwenye baa iliyo mkabala na kanisa. Na niliseme sasa hivi, maana sipendi mtu anipekuepekue: Aloys Rickert hunywa kahawa jikoni kwangu kila asubuhi, na si kahawa tu. Huu ni mwaka wa tatu. Sisi si watoto, yeye mjane na mimi mtalaka, na hakuna aliyetuzuia. Lakini hapa kwetu mtu hasimami barabarani kutangaza mambo ya moyoni. Kuna utaratibu.

Utaratibu ni ndege. Kila Julai, Jumatatu ya sikukuu ya kijiji, chama cha walenga shabaha hupandisha ndege wa mbao juu ya mlingoti, na wanaume humpiga risasi mmoja baada ya mwingine mpaka kipande cha mwisho kidondoke. Anayekidondosha ni mfalme wa kijiji kwa mwaka mzima, na palepale humtaja malkia wake. Mwanamke anayetajwa na mfalme huvaa gauni refu, hushika mkono wake mbele ya bendi, na kijiji chote humpigia saluti. Baada ya hapo hakuna wa kunong'ona. Aloys aliniahidi: "Nikimwangusha, Marlies, nitakutaja wewe, na mambo yaishe."

Tatizo ni kwamba tangu ujana wake hajawahi kumwangusha. Na mwaka huu daktari wa macho alimwambia kuwa jicho la kulia linazimika na la kushoto halitachelewa kulifuata. Kufika Julai ijayo hatamwona ndege, labda wala mlingoti. Hili alinieleza mimi peke yangu. Mimi nikamweleza mwoka mikate peke yake. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinajua na kinamwonea huruma kimyakimya. Svenja tu ndiye hakujua, kwa sababu majuma hayo alikuwa amelala kifudifudi kwenye kinamasi akitafuta mende wa majini.

Nyuma ya ndege kuna sanduku kubwa la chuma na mbao la kukamata risasi zisije zikampata mtu wa kijiji cha pili. Bila sanduku serikali haikuruhusu kupiga hata chafya. Majuma machache kabla ya sikukuu vijana wa chama waliulaza mlingoti kuupaka grisi, wakakuta sanduku linanguruma. Ndani mavu walikuwa wamejenga. Hao ni nyigu wakubwa kama kidole cha mtoto, na kwa sheria ya nchi yetu huwezi kuwagusa. Ukiwaua, faini yake inaweza kumeza nyumba. Wanaweza kuhamishwa, lakini kwa kibali tu, na kibali hutoka pale mshauri wa mavu wa wilaya akisema kuna hatari. Mshauri wa mavu wa wilaya ni nani? Nadhani umeshamjua.

Mkutano ulifanyika ukumbini kwangu. Mwenyekiti alikuwa Kanali Ferdi Hövel, ambaye siku za kawaida huuza vyoo na mabomba, lakini kwenye mambo ya chama ni kanali na ana upanga.

"Daktari," akaanza kwa sauti ya asali, "wewe ni mtoto wetu. Tunakuomba neno moja tu. Sema ni hatari."

"Si hatari, Kanali. Je, wajua kwamba mavu..."

"Tunajua!" ukumbi mzima ukaitika.

"Mke wangu siku hizi anawaamkia," mtu akalalamika kule nyuma. "Mimi haniamkii."

"Basi sema wana hatari kidogo," Kanali akabembeleza.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuhama."

"Tuwapulizie dawa usiku, tunyamaze," akashauri muuza nyama.

Nikamjibu mimi kutoka kaunta. "Nani atanyamaza humu? Chama hiki hakijawahi kuficha hata mimba."

Wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hali ni mbaya. Mmoja akasema, kwa woga, kwamba watu wa Brunkel wana sanduku la akiba. Brunkel ni kijiji cha ng'ambo ya kilima. Hatusemi nao tangu walipotuibia bendera, au tulipowaibia sisi, inategemea unamuuliza nani.

"Bora niwapigie mavu saluti kuliko kuwapigia Brunkel simu," alisema Kanali. "Daktari, tuokoe."

Svenja alisimama na koti lake la kijani lenye mifuko mingi. Alikuwa mwekundu usoni. "Siwezi kusema redioni Alhamisi kwamba ni wapole, halafu Ijumaa niseme ni wauaji. Nikidanganya mara moja, nani ataniamini tena? Ahirisheni. Sikukuu si inarudi kila mwaka?" Akamgeukia baba yake na kutabasamu. "Baba naye anapenda kupiga, lakini halalamiki. Mwaka ujao upo. Si ndiyo, baba?"

Kila mtu akatafuta pa kutazama. Hata muuza nyama alitazama viatu vyake. Aloys alizungusha glasi yake ya bia, akainywa iliyobaki, akaiweka.

"Upo," akasema.

Niliumia mpaka nikavunja sahani, na siyo kwa bahati mbaya. Walipoondoka nilimshika Aloys mlangoni. "Mwambie! Akijua habari ya jicho, kesho sanduku liko tupu."

"Ndiyo maana simwambii. Atadanganya kwa ajili yangu, halafu atajichukia. Na wewe usimwambie, Marlies. Niapie."

Nikaapa, kwa hasira, huku nikimwita majina ambayo padri hayapendi.

Kesho yake Svenja akaja jikoni kwangu kutafuta faraja na keki ya cherizi. Aloys alikuwa ametoka hata kahawa yake haijapoa. Kofia yake ilikuwa kwenye kigingi, miwani yake juu ya gazeti, na ndara zake za manyoya zilikuwa mbele ya jiko zimeelekea kwangu. Nikasema moyoni, sijamwambia neno, lakini kama Mungu amempa macho na ayatumie.

"Umepata mpangaji, shangazi?" akauliza akiziruka zile ndara. Huniita hivyo tangu utotoni, ingawa si ndugu.

"Mgeni wa mara kwa mara."

"Vizuri. Baba naye ana ndara kama hizi." Kisha akaganda na kidole hewani. "Usitikisike! Dirishani."

Nikageuka. Kulikuwa na nzi.

"Nzi wa maua. Tena dume! Tazama macho yanavyokutana juu ya kichwa. Ya jike huachana. Ukijua kutazama, shangazi, kiumbe hawezi kukuficha kitu."

Nilishika mti wa kusukumia unga wa keki, nikaurudisha mahali pake. Nikamkatia kipande kingine. Alikila chote akinieleza mapenzi ya nzi, na alipoaga aliipangusa miwani ya baba yake iliyopata sukari ya keki, akaiweka vizuri juu ya gazeti, akaenda.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilimwita Kanali Ferdi, nikamwambia kwamba baa yangu haina bia kwa wanaume wanaoogopa simu. Alidhani natania. Jumamosi nilifunga mabomba ya bia. Jumapili baada ya misa walisimama barazani wakavu kama magunzi, na Jumatatu Kanali akavua kofia yake yenye manyoya, akavuka kilima kwa miguu, akabisha Brunkel.

Walimfurahia kupita kiasi. Sanduku walitupatia, kwa sharti kwamba lipambwe kwa rangi zao na bendi yao iongoze gwaride letu. Kanali alirudi amezeeka, lakini alirudi na sanduku. Mavu wakaachiwa lao, na kwa kuwa kusogeza sanduku si kuwatoa ndani, kibali hakikuhitajika; likavutwa hadi ukingoni mwa uwanja kwa mwendo wa mazishi, Svenja akitembea mbele akinong'ona "polepole, polepole". Halmashauri ikafika kupiga picha na kutangaza kwamba Eslinghof ni mfano kwa taifa. Ferdi alipigwa picha karibu na mavu kuliko wote, akitabasamu meno yakiwa yamekazana.

Siku ya ndege Svenja alikuwepo, safari hii. Miaka mingine sikukuu hugongana na siku zake za kuhesabu vipepeo, lakini sasa alisimama na kipaza sauti karibu na kamba iliyozunguka mavu, akiwajuza watu wa Brunkel wasiyoyajua. Risasi zilianza baada ya misa. Taji la ndege likadondoka, likadondoka tufe la makuchani, mabawa yakachanika. Bunduki kwetu hufungwa kwenye kiegemeo na wengi husema ni bahati tu, lakini jicho lazima liwepo. Kila zamu ya Aloys ilipofika niliacha kuuza. Alikuwa anainamia bunduki kwa jicho la kushoto na kukawia mno, na wanaume waliokuwa nyuma yake, wanaume ambao kwa kawaida husukumana na kutukanana kwenye foleni hiyo, walisubiri bila kusema lolote. Nilimwona muuza nyama akilenga pembeni kabisa ya ndege. Hata mavu wasingekosea namna ile. Nilimsamehe ile dawa yake.

Kipande cha mwisho kilikuwa kimening'inia kwenye msumari. Aloys akapiga. Kikazunguka, kikafikiri, kikaanguka.

Bendi ya Brunkel ilipiga kwa nguvu kama vile ushindi ni wao. Walimbeba mabegani, wakamtua mbele ya Kanali, na Svenja akaja mbio na kipaza sauti, machozi yakimtiririka. Alikuwa anavua lile koti la kijani. Nikaelewa anachofikiri, na wote walielewa: mama hayupo, kwa hiyo malkia ni binti. Alikwisha kuzitengeneza nywele zake.

"Mfalme Aloys," Kanali akanguruma, "malkia wako nani?"

"Marlies," Aloys akasema.

Kijiji kilishangilia upesi mno, kama watu waliokuwa wanangoja. Hilo ndilo lililomchoma Svenja, kuliko jina lenyewe. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, mwoka mikate, Kanali, mimi niliyekuwa bado na kitambaa cha kufutia glasi, na kila uso ulikuwa unajua.

"Tangu lini?" akauliza. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewaka, tukasikia uwanja mzima.

"Miaka mitatu hii."

"Na hukuniambia, baba? Mimi?"

Aloys alikichukua kipaza sauti taratibu mkononi mwa binti yake, akatafuta kitufe cha kuzima kwa kupapasa, hakukiona. Kwa hiyo na hili tulilisikia.

"Nilikuwa nangoja uniulize jambo lisilo na miguu sita, mwanangu."

Hakulisema kwa ubaya. Mtu akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Svenja alifungua mdomo, na mimi, Mungu anisamehe, nilitegemea "je, wajua". Lakini alikuwa anavitazama vidole vya baba yake vilivyokuwa bado vinahangaika juu ya kile kipaza sauti, vikikipita kitufe chekundu, vikirudi, vikikipita tena. Akakibonyeza yeye.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia. Alimshika baba yake uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Baba," akasema, "unaniona?"

"Upande huu, kidogo," Aloys akamjibu.