Kodi Aliyokatwa Kaka Zakaria

Ipo siku moja ya mshahara, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natamani ningekataa. Karani mkuu wa shamba la miwati, miti ambayo magome yake huuzwa kwa kutengenezea ngozi, nje ya Njombe aliniita mimi, karani wake mdogo, akaniambia nisimame mbele ya wachuna magome, niwaeleze kwa Kibena kwamba kodi yao ya mwaka imeshakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo wamemalizana na serikali. Hakunilazimisha. Nilijibu, "Ndiyo, Bwana Karani," nikapanda juu ya rundo la magome, nikasema. Kusema kweli nilifurahi kuchaguliwa.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Kila mwanamume mtu mzima alidaiwa kodi ya kichwa, na aliyelipa alipewa stakabadhi. Wenye busara waliitia ndani ya kipande cha mwanzi, wakakiziba kwa kitambaa, wakatembea nacho, maana matarishi wa boma, watumishi wa ofisi ya serikali waliokagua kodi, walikuwa njiani na maneno matupu hawakuyataka. Watu wa vijijini walipeleka hela wenyewe kwa jumbe, mkuu wa kijiji chao. Sisi wa mashamba tulikatwa na mwajiri, naye ndiye aliyepaswa kuifikisha hela bomani na kuturudishia stakabadhi. Kukatwa na kufikishwa ni mambo mawili. Mimi niliyefika sekondari niliyaona jambo moja.

Miongoni mwa wachuna magome alikuwamo kaka yangu Zakaria, mzaliwa wa kwanza kwetu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mikono yake, na mikono yenyewe ilikuwa myeusi kwa utomvu wa miwati hata Jumapili kanisani. Siku ile aliniuliza mbele ya watu.

"Mdogo wangu, hela nimeona imetoka. Stakabadhi iko wapi?"

"Itakuja, kaka."

"Lini? Jumbe wetu huandika palepale, unaondoka nayo wino haujakauka."

Karani mkuu alikuwa ananitazama. Nikaona haya, mwanangu, si kwa sababu sikuwa na jibu, bali kwa sababu ndugu yangu alikuwa ananihoji kama mtoto mbele ya mkubwa wangu.

"Kaka, hapa si kwa jumbe," nikasema. "Hapa ni ofisi. Ikishakatwa imelipwa."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Zakaria, mwache msomi wako! Ulimsomesha ili uje kumfundisha?" Wakacheka. Zakaria naye akacheka, tena kwa fahari. Aliniamini.

Mvua zilipoanza, mama aliugua kichomi. Alipoona nguvu zinamwisha aliomba aletewe Yudita, dada yetu aliyeolewa Makambako. Zakaria akadandia lori la mbao yeye na jirani yetu mmoja. Waliposhuka Makambako, pale barabara zinapokutana, matarishi walikuwa wamesimama. Jirani alitoa stakabadhi yake, akapita. Ndiye aliyetusimulia yaliyobaki.

"Stakabadhi?"

"Nimekatwa kazini. Mdogo wangu ni karani, ameniambia nimelipa."

"Basi mwite mdogo wako akuletee. Wakati unamngoja, koleo lile pale."

Zakaria aliwaeleza habari za mama, akaomba angalau apelekewe Yudita neno. Tarishi akamjibu kwamba kila wanayemkamata ana mama mgonjwa. Wakamtia kwenye kundi la wadaiwa kodi waliokuwa wakitengeneza barabara. Jirani alipoona hivyo aliogopa, akageuza njia kurudi kwetu, hata kwa Yudita hakufika.

Habari iliponifikia nilikimbilia kwa karani mkuu. Hakuinua hata macho. "Hela za kodi bado hazijaenda bomani," alisema. "Zikienda, stakabadhi zitakuja." Mpaka leo sijui kama zilikuwa zimeliwa au zimelala tu ndani ya kasha. Kwa mtu aliyeshika koleo kwenye matope ni mamoja.

Nilichukua mshahara wangu, nikaenda bomani kumlipia kaka kodi ya mwaka uleule mara ya pili. Njia ilikuwa mbaya, malori yanakwama, nikachelewa kufika Makambako. Nilimkuta amebeba jiwe kifuani, kanzu imemgandia mwilini kwa mvua. Alipopewa ile karatasi aliigeuza upande huu na upande ule, maana kusoma hakujua, akaikunja.

"Mama je?"

"Anawangoja," nikamwambia.

Tukamchukua Yudita. Tulipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mama mmoja wa jirani aliyemuuguza alituambia kwamba kila mlango ulipolia mgonjwa aliuliza, "Ni Zakaria?" Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mzaliwa wa kwanza. Uliotupwa siku ile ulitupwa na baba mdogo.

Zakaria alisimama pale kaburini, akanigeukia. Kisha akaniambia bila ukali wowote, "Niliuliza, mdogo wangu. Mbele ya watu wote niliuliza."

Mwanangu, wewe leo umepata kazi, na mwisho wa mwezi utapewa hati ya mshahara yenye makato mengi. Isome. Usiishie kwenye ile hela ya kutia mfukoni. Jua kila kilichokatwa kinaitwaje, kinakwenda kwa nani, na kama kimefika. Mwajiri anakata, lakini siku ya shida jina linaloulizwa ni lako. Nenda ofisi ya kodi, nenda kwenye mfuko wako wa uzeeni, uliza ungali na nguvu za kurudi kesho kuuliza tena. Wasiokuwa na nia mbaya hawatakasirika. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kalamu, mtu mwenye mikono michafu akakuuliza stakabadhi yake, usimjibu kwa kujiona. Kama hujui, sema hujui, kisha uende ukatafute.

Mungu akupe kazi ya halali na jasho lako likufae, wewe na waliokusomesha. Mimi nililinda heshima yangu ya ukarani kwa neno moja nisilokuwa na hakika nalo. Neno lile lilimnyima mama yangu Zakaria na Yudita alipokuwa anakata roho. Na Zakaria, aliyeishi miaka mingi baada ya hapo, tukilima mashamba yanayopakana, hakuniuliza tena jambo lolote mpaka alipofariki.