Sukari ya Posa

Mwaka 2018 mdogo wangu alitaka kuoa binti wa Kijamaika aliyekuwa akiishi Houston, na kwetu hatuendi kuposa mikono mitupu. Mjomba, aliyejiteua mwenyewe kuwa mshenga, akanunua khanga, majani ya chai na mfuko mzima wa sukari. Nikamwambia sukari hata Houston ipo. Akasema adabu ndiyo haiuzwi dukani.

Tukatoka kwetu Irving mimi nikiwa dereva, maana Mjomba aki-drive utadhani anasindikiza maiti. Njia nzima alikuwa akikariri hotuba yake kwa sauti, kichwa kikaniuma. Binti alilelewa na bibi yake huko Houston, na bibi akikataa, ndoa hakuna. Mdogo wangu alinipigia simu njiani mpaka nikaizima.

Bibi alitupokea vizuri. Mjomba akamwekea ule mfuko miguuni, akainama, akaanza kumwaga sera, mimi nikitafsiri. Bibi akautazama mfuko, uso ukambadilika.

"Sukari haiingii nyumbani kwangu."

"Mpe pole ya kisukari," Mjomba akaninong'oneza. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikampa.

"Siumwi," bibi akasema. "Bibi wa bibi yangu aliuzwa utumwani angali mtoto. Alikata miwa ya bwana wake chini ya mjeledi, na mkono wake mmoja ukaishia kwenye mtambo wa kukamulia. Leo mnaniletea sukari, mnichukulie mjukuu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea huruma yule bibi, na nilimwona mdogo wangu keshakosa mke. Nikamtafsiria Mjomba.

Akaubeba mfuko wake, huku anahema, akaurudisha kwenye gari. Aliporudi hakuingia. Alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akabisha hodi, kana kwamba ndiyo kwanza tunafika.

Bibi akaniuliza anasema nini.

"Anaomba ruhusa," nikamjibu. "Ukisema hapana, tunaondoka."

Akamtazama Mjomba pale mlangoni.

"Waliomchukua bibi wa bibi yangu hawakumwuliza mtu," akasema. "Mwambie apite."

Chai ikaletwa bila sukari. Mjomba, ambaye siku zote chai yake kijiko kinasimama kwa sukari, aliinywa yote bila kukunja uso, akaomba aongezwe.