Tanuri Lililoachwa kwa Akiba

Walimwita Makaa, naye aliitika. Jina hilo la utani alilipata kiwandani, kule wanakotengeneza sahani za udongo. Alikuwa mchomaji tangu ndevu zinamwota, na uso wake haukupata kutakata hata siku aliyooa. Tanuri lake lilikunywa mafuta machafu ya magari. Likiwashwa, moshi mweusi tii ulijaa banda zima. Mkewe ndiye aliyepanga sahani ndani na kuuziba mlango kwa tope. Akakohoa, akakohoa, mwisho akalala, hakuamka tena.

Makaa alikuwa amemwomba bosi bomba la kutolea moshi mpaka akachoka. "Tutaona, mzee," aliambiwa kila mara. Hawakuona kitu.

Kisha wakaja wanunuzi kutoka nje. Wakasema hawachukui sahani za kiwanda kinachomwaga hewa ukaa hovyo. Basi, neno moja tu. Kabla matanga hayajasahaulika, tanuri la umeme likashushwa, jeupe, linang'aa kama jino la mtoto. Bosi akasimama mbele yake apigwe picha.

Makaa akatema mate chini. Kumbe iliwezekana! Siku zote hizo iliwezekana.

Alishukuru jambo moja tu. Binti yake, aliyeshika kazi ya mama yake, hatakula moshi.

Umeme ukakatika. Ukarudi, ukakatika tena. Sahani mbichi zikajaa rafuni. Bosi akamwita Makaa.

"Washa lile la zamani."

"Si ulisema linabomolewa?"

"Nimeliacha la akiba. Wanunuzi wako kwao, nani atajua? Washa, mzee, usinipandishe presha."

"Siwashi."

"Basi kaa. Hukuzaliwa peke yako na kiberiti."

Binti yake alikuwa kando. Akajifunga kitambaa puani.

"Nitawasha mimi, bosi. Nimemwona baba akiliwasha tangu sijaota meno."

"Wewe!" Makaa akamgeukia. "Unajua unalolisema?"

"Najua. Mzigo usipoondoka tunarudishwa nyumbani. Utanilisha wewe, na wajukuu zako juu?"

"Mama yako..."

"Mama hayupo, baba. Usimfanye fimbo ya kunichapia."

Bosi akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Makaa akachukua nyundo ya fundi. Akaenda mpaka kwenye mdomo wa tanuri, akalitafuta tofali la katikati ya tao, lile linaloyashika mengine yote. Hapo mlangoni tope la mkewe lilikuwa bado limegandia, mikwaruzo ya vidole vyake ikionekana wazi. Mkono ukasita. Kisha akapiga. Alipiga huku akilia, huku akimtukana bosi, na aliyemzaa bosi, na mafuta, na moshi. Tofali likatoka. Tao likafuata, kishindo, vumbi, watu wakakimbia.

"Mzee kichaa!" bosi akafoka. "Toka! Nisikuone hapa tena!"

"Natoka. Haya, liwashe sasa."

Binti hakumshukuru. Alimtazama kama anavyotazamwa mwizi.

"Umeridhika, baba? Sema, umeridhika?"

Makaa hakuwa ameridhika hata kidogo. Akatoka, akakaa juu ya jiwe nje ya geti, jua linamchoma utosi, nyundo ya watu bado mkononi. Mlinzi akamwambia aende zake. Hakwenda.

Akamsikia bosi akifoka kwenye simu, akitaka betri kubwa za kuhifadhi umeme, akitaka fundi, akitaka ziletwe leo leo. Leo leo! Mkewe alikufa akisubiri bomba.

Alasiri umeme ukarudi. Kupitia nondo za geti alimwona binti yake akibeba ubao wa sahani mbichi kuelekea tanuri jeupe. Kitambaa alikuwa amekivua. Hakugeuka kumtazama baba yake.

"Hata usigeuke," Makaa alisema kwa sauti, amefura vilevile. "Wewe pumua tu."