Tulivyopika Mawe ya Gumegume

Mwaka wa pili wa uhuru, mji wetu ukiwa bado unaitwa Albertville, nilimaliza shule ya jioni nikapewa diploma yenye mhuri mkubwa kama sahani ya wali. Nilikuwa karani mdogo wa reli, kazi yangu kuandika namba za mabehewa, lakini kwa mwendo niliotembea nao mtaani ungedhani Ziwa Tanganyika lenyewe linaniomba ruhusa kabla ya kupiga wimbi. Nilipanga chumba kwa Mama mmoja mjane. Yeye alikuwa na watoto sita na shamba moja la mahindi huko mlimani, juu ya mto Lukuga. Maduka siku hizo yalikuwa na rafu tu na mwenye duka. Kwa hiyo watoto sita, Mama, na mpangaji mwenye tumbo la watu wawili, ndiye mimi, tulikuwa tunalitazama shamba lile kama watu wanavyoutazama mlango wa kanisa siku ya harusi.

Mahindi yakiwa yamebakiza wiki tatu kukomaa, nyani wakashuka. Hawakuja kwa kujificha. Walikuja saa nne asubuhi, kama wafanyakazi wa serikali, wakiwa na wake zao na watoto mgongoni. Niliwahesabu elfu mbili. Na kama nilizidisha, basi sikuzidisha sana. Nyani anavunja hindi, anatia kwapani, anavunja la pili, la kwanza linaanguka, naye haulizi limekwenda wapi. Mama alipiga debe, alitukana, alirusha mawe. Dume lao kubwa lilikaa juu ya kichuguu likimtazama kama mkaguzi wa shule anayemsikiliza mwalimu mpya.

"Wiki tatu," Mama akaniambia. "Wakiendelea hivi, siku ya kuvuna nitavuna mabua. Na wewe utakula mabua, Papa wa diploma."

Akatuma neno Mpala kwa kaka yake, mzee mwindaji, naye akaja kwa mtumbwi akiwa na gumegume ya babu yao. Bunduki ile haikujua risasi. Kidole cha chuma kinauma kijiwe, kijiwe kinapiga chuma, cheche inaingia kwenye baruti, halafu unafumba macho na kumkumbuka Mungu. Mjini siku zile za vita kulikuwa na bunduki za kisasa nyingi kuliko samaki, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpigia nyani. Shida ni kwamba kijiwe cha gumegume kilikuwa kimelika kama kipande cha sabuni. Mzee alikuja na kikapu chenye mawe matano ya kahawia, aliyoyaokota kwenye kijito nyuma ya Mpala. Aligonga moja mbele yetu ili achonge kijiwe kipya. Likavunjika ovyo, kingo butu, kama mkate wa jana. Yakabaki manne.

"Haya ni mabichi," mzee akasema. "Yanataka kwanza..."

Mimi nikamtangulia. "Papa, tulia! Yanataka moto. Jambo hilo sisi tumelisoma."

Na kweli tulilisoma. Mwalimu wetu alitueleza jioni moja kwamba watu wa kale walilitia jiwe motoni kabla ya kulichonga, ili likubali nyundo. Alipofika kwenye namna ya kulipoza, umeme ukakatika, tukaenda zetu nyumbani. Kwa hiyo elimu ya kupasha nilikuwa nayo, ya kupoza sikuwa nayo. Nikaona nusu inatosha. Wakati ule nusu ilikuwa inatosha kwa vyeo vikubwa zaidi.

Sasa, mwaka ule hakuna aliyefanya kitu bila komite. Hata watu watatu wakitaka kuzibua mfereji, walichagua kwanza prezida. Nami nikaunda Komite ya Mawe. Nilikuwa Prezida. Rafiki yangu, karani wa bandari, akawa Makamu. Fundi wa cherehani wa jirani, kwa kuwa alikuwa na kalamu, akawa Sekretere. Siku ya kwanza tuligawana vyeo. Siku ya pili tuliandika kwamba tumegawana vyeo. Mlimani nyani walimaliza mistari minne. Mzee hakupewa cheo, maana hakuhudhuria shule ya jioni.

Nikaamuru kwanza tujaribu kila aina ya jiwe, kwa utaratibu wa sayansi. Makamu alileta jiwe la chokaa kutoka machimbo ya Kabimba. Mimi nilileta jiwe jeupe la kung'aa kama kioo, la kandokando ya reli. Tukawasha makaa katikati ya uwanja, tukatupa mawe ndani, Sekretere akapuliza kwa mivukuto ya kukopa tangu asubuhi hadi saa tisa.

Jiwe langu jeupe lilianza kuongea. Tik. Tik. Tik.

"Linakubali!" nikasema.

Likapasuka kwa kishindo. Kipande kimoja kilipita kando ya sikio la Makamu, kikatoboa sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya Mama, kikaendelea na safari; kwa hesabu yangu kilivuka ziwa na kutua Kigoma bila kulipa ushuru. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Muko vitani na nani?"

"Ni hatua ya kwanza, Mama."

"Na sombe yangu njo hatua ya pili?"

Jiwe la Kabimba halikupasuka. Lilikaa kimya, jeupe, na heshima zake. Makamu, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kusifiwa, akalimwagia maji ili lipoe. Jiwe likakoroma, likachemka lenyewe, likamomonyoka kuwa unga. Tulikuwa tumetengeneza chokaa. Sekretere aliikusanya kwenye ndoo, akapaka ukuta wa mbele wa nyumba yake, na akaandika katika daftari kwamba kazi inaendelea vizuri.

Hadi siku hiyo nyani walikuwa wamemaliza robo ya shamba. Mama hakupika jioni. Alikaa kizingitini, akawaita watoto wake mmoja mmoja na kuwashika mikono juu ya kiwiko, kama mtu anayepima kuni. Nilimwona. Sikusema mzaha, na watu wanaonifahamu watajua hilo lilinigharimu kiasi gani.

Kesho yake nilimwendea mzee. "Papa, mawe yako tuyafanye nini?"

"Sasa umeuliza," akasema. "Nilikuwa nangoja. Mimi sina cheo, siwezi kusema kwenye komite."

Akachimba shimo la urefu wa mkono, akatia mchanga mkavu wa ziwani, akalaza mawe mawili, akafunika na mchanga, juu yake akawasha moto mdogo, moto wa bibi kizee wa kuchoma karanga. "Moto wa polepole, kutwa nzima," akasema. "Kisha unazimika wenyewe. Kisha tunangoja tena kutwa nzima, yapoe humo humo. Asiyafunue muntu."

Asiyafunue muntu! Unamwambiaje Prezida asifunue? Moto ulipozimika tu, nikakumbuka kwamba mimi ndiye msimamizi. Nikafukua kidogo, nikaona, nikafukia. Makamu akasema kama Prezida ameona, na yeye ana haki ya kuona. Akafukua. Sekretere akasema hawezi kuandika kitu ambacho hakukiona. Akafukua kabisa. Upepo wa ziwa ukaingia, wa baridi, na tukasikia kutoka shimoni sauti mbili ndogo, kama mtu anayealisha vidole vyake. Mawe yote mawili yalikuwa na nyufa kama kisigino cha mvuvi.

Mzee alikuja, akatazama shimo, akatutazama sisi.

"Kwetu," akasema, "kazi hii inafanywa na muntu mumoja. Sasa nimejua kwa nini."

Yalibaki mawe mawili. Safari hii Mama mwenyewe alichukua uongozi, bila kura. Alimwambia kaka yake achimbe shimo jikoni kwake, katikati ya mafiga. Mawe yakazikwa mchangani, na juu yake akapika ugali, akapika ndagala, dagaa wa ziwani, akachemsha maji ya kuogeshea watoto, moto mdogo mdogo, siku nzima. Ulipozimika, alitandika mkeka juu ya majivu akakaa.

Nikachungulia mlangoni. "Mama, nilitaka tu..."

"Prezida."

"Naam, Mama."

"Anayetaka kuona ndani ya shimo, aingie yeye kwanza."

Nikaondoka. Makamu hakufika hata mlangoni.

Kesho yake jioni mzee alifukua. Mawe yaliyoingia ya kahawia yalitoka mekundu kama ini, na yalipoguswa yalikuwa laini kama yamepakwa mafuta. Mzee alichukua ncha ya pembe ya swala, akasukuma ukingoni, na vipande vikaanza kutoka vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama anamenya kitunguu. Kwa jiwe moja alipata vijiwe vitatu. Alifunga kimoja kwa kipande cha ngozi kwenye kidole cha gumegume, akafyatua bila baruti. Cheche zikaruka. Mama akapiga kigelegele kifupi, akajizuia.

Asubuhi tulipanda mlimani. Saa nne kamili wale wafanyakazi wakaripoti kazini, dume likakalia kichuguu chake. Mzee alielekeza mtutu juu ya kichwa cha dume hilo, akafumba macho. Gumegume ikalia. Mlio ulizunguka vilima, ukashuka ziwani, na ninaapa mamba wa Lukuga walitoka majini kuuliza kuna nini. Moshi ulipoondoka, kichuguu kilikuwa kitupu na mtelemko wa upande wa pili ulikuwa mikia mitupu inayokimbia.

Mzee alikaa nasi siku kumi na mbili. Kila asubuhi alipiga mara moja. Baada ya siku ya tano nyani hawakuvuka tena kilima.

Siku ya kumi na tatu Mama alitembea peke yake kati ya mabua, akavunja hindi moja, akang'oa punje, akaiuma kwa jino la nyuma. Ikalia.

"Yamekauka," akasema. "Leteni vikapu."

Nusu shamba lilikuwa limekwenda. Nusu nyingine tuliibeba sisi, Komite nzima, kichwani, tukiteremka mbele yake, naye nyuma akitukataza kudondosha hata hindi moja.